Mboga za kudumu nyumbani: zinamfaa nani, na kwa gharama gani

Mvua zinapokaribia, swali moja hurudi kwenye vibanda vya wauza miche kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi: kuna mboga ya kupanda mara moja ukachuma miaka na miaka? Muuza miche hana shida na swali hilo. Atakuonyesha chaya, atakuonyesha mlonge, na atakuhakikishia kwamba havihitaji maji, mbolea wala matunzo. Ukimfuata afisa ugani na swali hilohilo, mara nyingi utarudi nyumbani na maelekezo ya kutengeneza matuta ya mchicha na ratiba ya kumwagilia asubuhi na jioni. Ukitafuta mwenyewe kwenye intaneti utakutana na mtaalamu wa Ulaya anayesifia asparaga, mmea unaosubiriwa miaka miwili au mitatu kabla ya kukatwa chipukizi la kwanza.

Si ajabu watu wamechanganyikiwa. Wapo waliopanda mlonge kwenye baridi ya nyanda za juu, ukadumaa. Wapo waliong'oa kisamvu cha zamani nyuma ya nyumba ili wapate nafasi ya matuta, kisha kiangazi kikawakuta wananunua mboga kila siku. Na wapo wanaosaga majani mabichi ya chaya na kuyanywa kama juisi, jambo la hatari ambalo nitalieleza hapa chini.

Hoja ninayoitetea ni hii: mboga za kudumu huhamisha gharama. Huitoa shambani na kuipeleka jikoni, na huitoa kwenye msimu huu na kuipeleka kwenye miaka ijayo. Anayetaka kuamua vizuri aanze kwa kujua kaya yake imepungukiwa na nini: maji, ardhi, mkaa, muda, au uhakika wa kuendelea kuishi pale alipo.

Tulizonazo tayari

Mwaka 2020 Eric Toensmeier na wenzake walichapisha orodha ya mboga za kudumu zinazolimwa duniani, wakapata aina 613 kutoka familia 107 za mimea. Kwa hesabu yao, aina hizo ni kati ya asilimia 33 na 56 ya mboga zote zinazolimwa, lakini zimepewa asilimia 6 tu ya ardhi ya mboga. Kwa msomaji wa nchi za baridi, habari hiyo ni kama ugunduzi. Kwetu ni chakula cha jana. Kisamvu kinaliwa kutoka pwani hadi Maziwa Makuu, na ndicho sombe ya Wakongo na isombe ya Burundi na Rwanda. Matembele yanachumwa kwenye viazi vitamu, mmea ambao usipong'olewa unaendelea kutambaa na kutoa majani. Nderema hupanda uzio wenye unyevu na kutoa majani manene yanayoteleza kidogo mdomoni kama mlenda. Mlonge, ambao pwani ya Kenya huitwa mzunze, uliingia kwenye mapishi ya pwani muda mrefu kabla ya unga wake kuanza kuuzwa kwenye makopo. Mchunga hujiotea wenyewe, mchungu kama jina lake, na wapenzi wake hawakubali mbadala.

Kisha kuna kundi la kati, mimea inayoishi zaidi ya mwaka lakini haizeeki nasi. Mbaazi hukaa miaka mitatu hadi mitano. Nyanya chungu ikikatwa matawi baada ya mavuno huchipua tena. Sukuma wiki, ikichumwa majani ya chini na kunyimwa nafasi ya kutoa maua, huweza kupita mwaka mmoja, na baadhi ya aina zake hupandwa kwa kukata vichipukizi vya pembeni bila haja ya mbegu.

Ukiangalia mboga hizi kwa pamoja utaona kwamba ushauri wa Ulaya hauwezi kuhamia huku jinsi ulivyo. Kule, faida kubwa ya mboga ya kudumu ni kuwahi mwisho wa majira ya baridi, wakati ghala limekwisha na mbegu mpya bado hazijaota. Njaa yetu ya mboga iko kwenye kiangazi. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha mboga ya kudumu hapa ni kama ina majani pale visima vinaposhuka na fungu la mchicha sokoni linapopungua huku bei ikipanda.

Kwa nini mchicha ulishinda

Mchicha una sifa moja isiyo na mpinzani: wiki tatu hadi nne baada ya kusia, unang'oa na kuuza. Kwa mkulima wa bondeni mjini anayelipa pango la shamba na kulisha familia kwa pesa ya siku, hakuna mti wa kushindana na kasi hiyo. Jikoni nao hauna masharti. Unaoshwa, unakatwa, unageuzwa na kitunguu na nyanya, na chakula kiko mezani kabla mkaa haujakolea vizuri.

Ipo pia sababu inayosemwa kwa nadra. Mboga ya msimu ina mbegu, na mbegu inauzika kila msimu. Ina pakiti, ina duka la pembejeo, ina kampuni yenye sababu ya kugharamia utafiti na matangazo. Pingili ya kisamvu au rando la viazi mtu humpa jirani bure. Mmea unaogawiwa uani hauna wa kuusemea kwenye semina za kilimo, na hata taasisi zenye nia njema hujikuta zikiegemea upande wa mbegu. Kituo cha mboga cha kimataifa kilichoanzishwa Arusha mwaka 1992 kimefanya kazi kubwa na ya heshima kuokoa mboga za asili za Afrika, na aina za mchicha kama Madiira zimetokana na juhudi hizo. Lakini mbegu ni rahisi kuihudumia: inaweza kukaa kwenye pakiti, kwenye friji la hifadhi, kwenye gari la usambazaji. Mmea wa pingili unadai kitalu hai, mtu wa kukimwagilia, na ukaguzi wa magonjwa kila mwaka. Kuacha mboga za pingili nyuma, kwa hiyo, kulitokana na ugumu halisi wa kazi, na ndiyo maana kosa hilo halitarekebishwa kwa kaulimbiu.

Hoja za wanaozitetea

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni mizizi. Mmea uliokwisha kuzamisha mizizi hauanzi upya kila mvua ikinyesha. Tuta la mchicha linahitaji maji karibu kila siku, na kaya inayonunua maji kwa dumu inajua hesabu hiyo kwa uchungu. Mvua za kwanza zinapodondoka, kisamvu kimechipua ilhali jirani bado anatafuta mbegu.

Hata hivyo hoja hii huvutwa kupita kiasi. Kiangazi kikiwa kikali, mlonge wenyewe hupukutisha majani ili ujiokoe, na muhogo hufanya vivyo hivyo. Matembele na nderema hutaka unyevu, ndiyo maana wenyeji huyapanda karibu na bafu au chini ya bomba linalovuja. Mmea wa kudumu unaweza kuishi bila kumwagiliwa, lakini kukupa majani mororo wakati huo ni jambo lingine. Anayetaka kuchuma Agosti na Septemba bado atahitaji ndoo chache za maji kwa wiki, au maji yaliyooshea mboga na vyombo.

Hoja ya pili ni udongo. Ardhi isiyopinduliwa kila baada ya miezi miwili haioshwi na mvua kirahisi, na majani yanayodondoka huirutubisha. Mbaazi inaongeza naitrojeni kupitia vinundu vya mizizi yake, faida isiyopatikana kwa mchicha wala kabichi. Hapa nawaunga mkono kabisa. Ninachokikataa ni usemi wa "haihitaji mbolea". Kila kapu la majani linalokwenda jikoni limeondoka na naitrojeni ya udongo huo, na majani yanayochumwa mwaka mzima huondoa nyingi. Kichaka cha chaya kisichopewa samadi au mboji kitaendelea kusimama, ila baada ya miaka michache majani yatakuwa madogo na magumu.

Hoja ya tatu ni lishe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, kiasi ambacho kaya nyingi za mjini hazikifikii kwa sababu mboga inanunuliwa. Majani ya muhogo yana protini kwa kiwango cha kuheshimika, takriban asilimia 20 hadi 30 ya uzito wake yakikaushwa. Mboga iliyopo mlangoni huliwa mara nyingi zaidi kuliko mboga ya sokoni, na kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo faida yake kubwa ya kilishe, kuliko takwimu yoyote ya vitamini.

Bei inayolipwa jikoni

Sasa tugeukie upande ambao wauza miche hawaugusi. Mimea inayoishi miaka mingi hukabili wadudu na wanyama miaka mingi, na baadhi yake imejikinga kwa sumu. Jani la muhogo lina linamarini. Jani likiwa zima, linamarini na kimeng'enya cha kuivunja viko mbalimbali ndani ya chembe. Mchi unapoponda, vinakutana na kuzaa sianidi. Bahati nzuri sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, chini ya joto la mchana wa Tanga, kwa hiyo sufuria ikiwa wazi huruka na mvuke na kuondoka. Bibi zetu waliotwanga kisamvu kikalainika kabisa, wakakichemsha muda mrefu ndipo wakatia tui la nazi au karanga, walikuwa wakiondoa sumu kwa utaratibu ambao maabara imekuja kuuthibitisha. Anayekatakata majani kwa kisu na kuyachemsha kidogo ameruka hatua muhimu zaidi.

Chaya iko kwenye familia moja ya mimea na muhogo, na asili yake ni Meksiko na nchi jirani. Nayo ina kemikali za kuzaa sianidi. Haihitaji kutwangwa, lakini inahitaji kuchemshwa takriban dakika 20. Ukiisaga mbichi kwenye mashine ya juisi unafanya kazi ya mchi, yaani unaiachilia sianidi, kisha badala ya moto kuifukuza unainywa. Muuza miche anayependekeza juisi hiyo anamhatarisha mteja wake, na hili linapaswa kusemwa waziwazi katika kila mafunzo ya bustani.

Basi hesabu ya kisamvu ni kinu, mikono, na saa nzima au zaidi ya mkaa. Akiba iliyopatikana kwa kutonunua mbegu na maji inaweza kuishia kwenye jiko. Na kwa kaya nyingi, anayelipa ni mama au binti wa nyumba, ilhali sifa za bustani isiyo na kazi huenda kwa aliyepanda. Baadhi hutia magadi ili majani yalainike upesi. Mkaa hupungua kweli, ila vitamini C na baadhi ya vitamini B huharibika zaidi. Mjini suluhisho limeshajitokeza lenyewe: wauzaji wanaosaga kisamvu kwa mashine na kukipima kwa mafungu. Kaya yenye friji inaweza kutwanga na kuchemsha kingi mara moja na kukigandisha kwa vipimo vya siku. Lakini ni haki kumwambia mtu kabla hajapanda kwamba mlonge, matembele na nderema ni mboga za moto mfupi, kisamvu si hivyo.

Ugonjwa unaorithiwa na pingili

Mmea wa msimu ukiugua, unang'olewa na msimu unaofuata unaanza na mbegu safi. Mmea wa pingili hupeleka ugonjwa kwa watoto na wajukuu wake. Batobato ya muhogo ilielezwa kwa mara ya kwanza na Otto Warburg mwaka 1894, katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Husambazwa na nzi weupe, na husambazwa na sisi tunapogawana pingili.

Historia yake imefungamana na mboga tunayoizungumzia. Katika kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara, miaka ya 1930, H. H. Storey na wenzake walianza kupandisha muhogo na mti wa mpira uliotoka Amerika Kusini, ule ambao majani yake tunayaita kisamvu cha mpira. Walitafuta ustahimilivu wa batobato, wakaupata. Baadhi ya uzao huo ulipelekwa Nigeria, ukawa msingi wa aina za muhogo stahimilivu zilizoenea Afrika baadaye. Mti ambao mama lishe anauchuma majani karibu na uzio una damu moja na mihogo inayolisha mamilioni.

Kisamvu cha mpira kina faida nyingine kwa bustani ya nyumbani. Muhogo ukichumwa majani sana, mizizi hupungua, kwa hiyo kila anayekula kisamvu anajikopa kwenye muhogo wake. Mti wa mpira hauna mizizi ya kuliwa ya kuonewa huruma. Unachuma ncha laini, unaukata kimo usikuzidi mkono, unachipua tena. Kasoro yake ni kwamba, kama muhogo, unaweza kubeba virusi vya michirizi ya kahawia. Mwenye shamba la mihogo ya biashara karibu na nyumba afikirie mara mbili kabla ya kuuweka kama uzio, na yeyote anayegawa pingili ya kisamvu achague kwenye mti wenye majani yasiyo na mabaka wala kujikunja.

Mlonge na sifa zilizozidi

Mlonge unastahili sehemu yake kwa sababu umeharibiwa na sifa. Madai kwamba una kalsiamu mara nyingi kuliko maziwa na vitamini C mara nyingi kuliko machungwa huchanganya vitu viwili. Hesabu za kalsiamu zinazovutia zaidi hutokana na unga mkavu, uliopoteza karibu maji yote, ukilinganishwa na maziwa ambayo karibu asilimia 88 yake ni maji, gramu 100 kwa gramu 100. Hakuna anayekula gramu 100 za unga wa mlonge. Kijiko cha chakula kina gramu 8 hivi, wakati kikombe cha maziwa kina zaidi ya 200. Vitamini C, kwa upande wake, iko kwenye majani mabichi, na sehemu kubwa hupotea yanapokaushwa. Anayenunua kopo la unga akidhani amepata vyote viwili amepata kimoja.

Ukiuondolea mlonge matangazo, unabaki na mboga nzuri sana ya pwani na maeneo ya joto. Unapandwa kwa mbegu au kwa tawi, unakua kwa kasi, majani yake yanaiva haraka, na hausumbuliwi sana na ukame. Usiupande panapotuama maji. Usiuache urefuke, ukatwe kimo cha kifua ili matawi yatoke chini. Na kwenye baridi ya Limuru, Lushoto au Njombe usiuhangaikie. Huko sukuma wiki ya kupandikiza vichipukizi na nderema ya mahali palipojikinga zitafanya kazi ambayo mlonge hautaiweza.

Ardhi ya nani

Kikwazo kikubwa kuliko vyote hakitokani na udongo. Afrika Mashariki, kupanda kitu kinachodumu ni kudai mahali. Kwenye mashamba ya mikarafuu ya Unguja, maskwota waliruhusiwa kulima muhogo na mazao mengine ya muda mfupi, lakini kupanda miti kulikuwa suala jingine, kwa kuwa mti ulikuwa ushahidi wa haki. Mpaka leo mazao ya kudumu huhesabiwa fidia inapotwaliwa ardhi, na wenye nyumba wengi humkataza mpangaji kupanda chochote chenye shina. Hawamkatazi kwa roho mbaya tu. Wanajua mgogoro unavyoanza.

Hapa ndipo naona ushauri mwingi wa kilimo cha mjini unapokosea. Unazungumza na mtu mwenye kiwanja, ilhali wakazi wengi wa miji yetu wamepanga. Mpangaji mwenye mkataba wa miezi sita hana sababu ya kupanda mlonge utakaomnufaisha mwenye nyumba. Kwake mchicha wa kwenye gunia ni uamuzi wa busara.

Uzito wa kila upande

Mwenye kiwanja chake kwenye ukanda wa joto na shida ya maji, ningemshauri aweke mlonge au kisamvu cha mpira ukingoni, upande ambao kivuli hakitafunika matuta, kisha matembele kwenye maji yanayotoka bafuni, na abakize tuta moja au mawili ya mchicha kwa ajili ya masika na vuli. Mchanganyiko huo unampa mboga ya haraka wakati maji yapo na mboga ya akiba yanapokosekana. Mwenye ardhi nyingi na mkaa ghali apunguze kisamvu, aongeze mboga za moto mfupi. Anayeuza sokoni asitupe mchicha, maana pesa ya wiki nne haiwezi kusubiri mti. Mwenye udongo uliochoka aanze na mstari wa mbaazi, ale zilizo mbichi kwa nazi, na baada ya miaka mitatu ahamishe mboga nyingine pale ilipokuwa.

Serikali na taasisi za utafiti zina kazi moja ambayo kaya haiwezi kujifanyia: vitalu vya pingili safi vya mboga za majani ngazi ya kata, vinavyokaguliwa kama vinavyokaguliwa vya muhogo wa mizizi. Shule za msingi zenye eneo na kisima zingeweza kuvitunza, na mzazi angeondoka na pingili iliyokaguliwa badala ya kukata tu kwa jirani.

Mpangaji naye asiachwe nje. Nderema na matembele hukubali kuishi kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini na kujazwa udongo na samadi kwa kiasi sawa. Kijiti kimoja cha nderema kinashika ndani ya wiki mbili hivi kikiwa kivulini, na kamba moja ya kupandia ukutani inakitosha. Siku ya kuhama, majani yanakatwa yote na kupikwa, ndoo inapandishwa kwenye gari pamoja na sufuria, na kwenye nyumba mpya shina linachipua tena.